Ukisoma maisha ya waliopendana watatu, mtafute na yule wa tatu

Siku hizi napenda sana kusoma vitabu vya maisha ya watu walioishi kwenye mapenzi ya zaidi ya wawili, na simaanishi michepuko ya kufichana, namaanisha wale ambao wote wanajuana na wamekubaliana. Hapa Ligula, Mtwara, kwenye steshenari yangu wateja wakichungulia kwenye simu wananiuliza we mama vipi, unatafuta mume wa pili? Wala. Mi nimekulia kwenye mitala, mzee alikuwa na mama yangu hapa mjini na mama mdogo kule Naliendele kwenye mikorosho, kwahiyo hizi stori za kugawana mtu nazisoma kwa jicho lingine kabisa.

Ninachowaambia wanaoniomba softkopi ni hiki, usiishie kwenye kitabu cha yule maarufu, mtafute aliyekuwa pembeni anasemaje.

Chukua Simone de Beauvoir na Jean-Paul Sartre, wale waandishi wa Ufaransa. 1929 walikubaliana kwamba wao ndo penzi kuu, kila mtu ruksa kuwa na wengine ila waambiane kila kitu. Ukiwasoma wenyewe wanavyojieleza unatamani kabisa, unaona hawa ndo watu wazima, wivu wameuweza. Sasa 1990, Beauvoir ameshafariki, barua alizokuwa akimwandikia Sartre zikachapishwa, na kuna mama anaitwa Bianca Lamblin akazisoma akakuta alivyokuwa anasemwa mle. Huyu alikuwa mwanafunzi wa Beauvoir, akawa na uhusiano na wote wawili akiwa binti bado, halafu 1940 wakamwacha, na yeye ni Myahudi na Wajerumani mwaka huohuo ndo wanaingia Ufaransa! 1993 akatoa kitabu chake, na ukimaliza hicho hutoweza tena kuwasoma wale wawili kama ulivyowasoma mwanzo. Kile cha wakubwa kinaeleza mkataba, cha huyu kinaeleza mkataba ulimfanya nini mtu ambaye hata hakuwepo wakati unaandaliwa.

Wa pili wa kumtafuta ni mtoto. Hapa mi huwa naumia kweli. Angelica Garnett wa Uingereza alizaliwa 1918 kwenye nyumba waliyokuwa wanaishi wasanii pamoja, mama yake Vanessa Bell, akakua akijua baba ni Clive Bell mume wa mama, kumbe baba ni Duncan Grant mchoraji anayeishi nao humohumo ndani. Wakubwa wote wanajua, yeye alikuja kuambiwa ameshakuwa binti wa miaka 18 hivi. Afu 1942 akaolewa na David Garnett, ambaye zamani alikuwa mpenzi wa huyohuyo Duncan. We! Kaandika kumbukumbu zake 1984, na kinachomkera mle ndani sana sana ni kufichwa, kufichwa na watu waliokuwa wanajisifu kwa ukweli.

Kingine angalia hela na nani analea, maana vitabu vingi vinapenda kukaa chumbani wakati nyumba inaendeshwa jikoni. William Moulton Marston, Mmarekani aliyebuni Wonder Woman, yule shujaa wa kike wa vitabu vya katuni, mwaka 1941, aliishi na mkewe Elizabeth na Olive Byrne, kila mmoja kazaa naye watoto wawili. Elizabeth anaenda kazini kwenye kampuni ya bima, Olive yupo nyumbani analea wote wanne, na watoto wa Olive wakaambiwa baba yao ni mtu mwingine alishakufa. Jamaa akafariki 1947 na wale wanawake wakaendelea kuishi pamoja miaka na miaka. Hiyo sehemu ya mwisho ndo iliyonigusa, kwasababu mama yangu na mama mdogo mzee alipoondoka watu walidhani watagawana mabati, wapi, mpaka leo msimu wa korosho mnada ukianza wanapigiana simu kuulizana bei na kusengenya wakwe. Wakati wa uhai wa mzee hawakuwa hivyo hata kidogo.

Tahadhari moja. Kuna watu wanachanganya haya na maisha ya zamani ya kasri, mfano Sayyida Salme wa Zanzibar, kitabu chake cha 1886 kisome, kitamu sana, lakini masuria wa baba yake, Sultani Sayyid Said, akiwemo mama yake mzazi walinunuliwa, hakuna aliyewauliza wanataka au hawataki. Usije ukakitumia kutetea hoja yako ya makubaliano, na hata mitala yetu ya huku kusini siyo kitu kimoja na hayo, mama yangu alipewa taarifa tu mwenzie akiwa ameshaolewa.

Na tafadhali usimpe mwenzi wako kitabu cha hivi kama ujumbe, kama una lako fungua mdomo useme. Kuna kijana alikuja na flashi anataka nimprintie sura ya kwanza tu, ile wanayokubaliana kwa furaha, anampelekea mkewe akasome. Nikamwambia basi nikutolee na sura za mwisho. Akasema hela haitoshi.