Kwa mdogo wangu wa Mkoani anayetaka kusomea bahari

Wiki iliyopita makala yangu ya utafiti, ya kwanza nikiwa mwandishi kiongozi, ilikubaliwa na jarida. Nimesubiri siku hiyo miaka mingi, wala sioni haya kusema nililia. Wiki ileile nikaletewa ujumbe na binti wa Mkoani, Pemba, aliyemaliza kidato cha sita: "Shikamoo dada. Naipenda bahari, nataka niwe mtafiti kama wewe. Nianzie wapi?" Najua wenye swali hilo ni wengi, ndiyo maana namjibu hapa.

Marahaba mdogo wangu. Mimi nimezaliwa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza kwetu na Paje mwaka 1989, na mama yangu alikuwa mmoja wa walioingia mapema. Daftari, sare, nauli ya skuli, vyote vilitoka kwenye mwani. Kisha kotonii, aina ya mwani wenye bei nzuri, ukaanza kuharibika. Matawi yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika, na zinabaki kamba tupu kwenye vigingi. Wengine walisema ni jicho. Nilipofika chuo nikafahamu kwamba kotonii hauvumilii maji yakizidi joto, na pwani yetu ya mashariki maji yakipwa yanabaki kina kidogo juu ya mchanga, jua linayapasha mpaka unayahisi mguuni. Swali la utafiti wangu lilitoka kwa mama.

Ndiyo nakwambia, usikimbilie pomboo na nyangumi kwa kuwa ndio wanaopendeza kwenye picha. Tazama kinacholisha watu wa kijiji chako. Hapo pana maswali ya kukutosha umri mzima.

Halafu jifunze maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hapa kwetu maji hupwa mnamo saa nne asubuhi, na tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Ukikosa daladala ya alfajiri, siku imekwenda. Anayepanga safari za pwani bila kuangalia mwezi anapoteza fedha za mradi.

Na wafuate wanaoijua pwani. Nilipoanza kazi nilifuatana na bibi mmoja mchokoa pweza. Mimi nina kamba ya kupimia na fremu ya mraba, yeye ana chuma chake. Akasimama kwenye tundu nililokwishalipita. Mlangoni pana maganda ya kaa na kombe, na vijiwe vimevutwa kuziba njia. "Mwenyewe yumo," akasema. Kila jiwe alilolifunua alilirudisha vilevile, upande wa chini ukabaki chini, kwa kuwa vilivyoganda pale vikipigwa na jua hufa. Tangu siku ile kila mwanafunzi ninayekwenda naye pwani namtaka arudishe jiwe.

Sasa nikwambie linaloniuma hadi leo. Walikuja wageni na mradi wao. Nikawatafutia kibali, nikawapeleka kwa sheha, nikawatafsiria, nikahesabu viumbe kwenye majani ya bahari kusi nzima, baridi na upepo. Makala ilipotoka, jina langu limo kwenye shukrani, mwisho kabisa. Wale akina mama waliotuonyesha kila kitu hawakutajwa hata kwa jina la kijiji. Kwa hiyo andikianeni mapema, kabla hujalowa mguu: nani mwandishi, takwimu ni za nani, nani atarudi kijijini na majibu. Usione aibu kuuliza. Anayekuheshimu hatakasirika, na anayekasirika afadhali umjue mapema.

Kurudi kijijini nako si hiari. Wapemba wenzako wa Kisiwa Panza walifunga sehemu ya mwamba wao ili pweza wapumzike. Pweza jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Na wadogo hukua upesi sana, hivyo miezi michache ya kungoja huonekana kwenye mizani. Lakini sayansi hiyo ingebaki karatasini kama wavuvi wenyewe wasingekaa, wakakubaliana na kulinda. Watafiti wenzangu, matokeo yasiyosomwa kwa Kiswahili mbele ya kamati ya wavuvi hayajakamilika. Tunakula jasho la watu hawa. Tuwarudishie.

Chuo kipo hapahapa Unguja: Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa 1978, nayo iko Buyu. Inafundisha uzamili na uzamivu, kwa hiyo shahada ya kwanza itafute mapema, na hesabu usiziache. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, yenye ofisi yake hapa Zanzibar, hutoa ruzuku za utafiti. Soma matangazo yao hata kabla hujastahili kuomba. Jifunze kuogelea, mzazi akikataa mtafute shangazi akuombee.

Kwa sasa nenda pwani ya kwenu bamvua ijayo, chagua kitu kimoja, kamba moja ya mwani au tundu moja la pweza, ukiandike tarehe, saa na ulichokiona. Niletee daftari hilo baada ya kaskazi, tutazungumza swali lako.