Barua kwa mwanangu: Ule moshi wa kushoto

Mama,

Ujumbe wako nimeupata, na ile picha ya ujenzi wa hospitali ya Bugando, Mwanza, nimeiona. Mdogo wako aliikuza kwenye kompyuta yake mpaka nikaweza kuhesabu mbao moja moja. Unauliza jambo moja tu: yule wa tatu kutoka kushoto, mwenye kofia na karai begani, ni babu au siye? Mnataka kumchapisha kwenye fulana za kumbukumbu yake ya miaka ishirini, na fundi anataka jibu kabla ya Ijumaa.

Nitakujibu. Ila simu yangu nikiandika sana inajifunga yenyewe, na hili halitoshi kwenye simu, ndiyo maana nimechukua karatasi.

Kwanza nikuhakikishie kwamba ni Bugando kweli, wala siyo hospitali nyingine iliyobandikwa jina hilo. Ziwa linaonekana kule nyuma, na mawe yale hayako mji mwingine. Vivuli vya watu vinaelekea ziwani, yaani jua liko mashariki, basi ni asubuhi. Chini ya slabu, ile sakafu ya zege, mirunda ya kuiegemeza imesimama kama msitu, maana yake zege la juu halijashika sawasawa. Kwenye nguzo nondo zimechomoza, kwa hiyo kuna ghorofa nyingine inakuja. Na ule mstari wa watu wanaopandisha makarai kwenye ngazi ya mbao unakwambia kwamba siku hiyo walikuwa wanamwaga zege. Hospitali ilifunguliwa 1971. Hii ni 1970, na nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo, darasa la pili, miaka tisa, sijavaa viatu.

Ulikuwa hujui kwamba nilikuwepo. Ngoja nifike.

Babu yako alikuwa seremala wa pale, wa kufunga mbao za zege, na kauli yake unaijua: zege halilali. Ninyi vijana mnaitumia kwa biashara na kwa wachumba. Yeye alikuwa anasema kazi yake. Zege likishachanganywa linaanza kukaza ndani ya saa chache, kwa hiyo slabu mkiianza asubuhi mnaimaliza siku hiyo hata kama ni usiku wa manane na taa za karabai. Mkimwaga nusu leo na nusu kesho, alikuwa anasema, mnapata zege mbili zilizopeana mkono tu, na maji yatapita hapo hapo. Baada ya hapo slabu inanyweshwa maji siku saba kama mche. Kwa hiyo siku ya zege hakuna aliyeuliza huyu seremala, huyu mfunga nondo, huyu saidia fundi. Nyapara akipiga filimbi wote wanashika karai. Hili litazame vizuri, maana linahusu swali lako: seremala kuonekana na karai si ajabu.

Lakini mimi picha za ujenzi nazisoma pembeni kwanza. Nimewaambia hili tangu mkiwa wadogo na mnanicheka. Katikati utaona kile ambacho mwenye fedha alitaka kionekane. Pembeni ndiko mpiga picha alikoshindwa. Nilipokuwa Dar es Salaam kwenye kozi nilikuwa napita Muhimbili kumwona mjomba wenu wodini, jengo la Sewahaji. Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo, akatoa fedha ijengwe hospitali ya kutibu watu wa kila rangi, akafariki 1897. Jina lake limebaki, na ni haki yake. Unguja vivyo hivyo, lile jengo la bandarini lenye roshani za mbao zilizochongwa, Zahanati ya Kale: Tharia Topan aliweka jiwe la msingi 1887, akafariki 1891, jengo likaisha 1894 yeye hayupo. Lakini tunamtaja. Sasa nitajie mmoja aliyechonga zile roshani. Mmoja tu.

Basi rudi kwenye picha yako, uitazame pembeni, kushoto chini. Kuna jabali kubwa, na kando ya jabali kuna moshi mwembamba. Mdogo wako anasema ni moshi wa mashine ya kuchanganyia zege. Mashine iko kulia, inaonekana, na moshi wake ni mweusi. Ule mweupe ni wa kuni, na zile kuni nilizileta mimi kichwani kutoka nyumbani alfajiri ile.

Ni jiko la bibi yako.

Alikuwa anauza uji pale chini ya jabali. Mafiga matatu, sufuria moja kubwa, vikombe vya bati kumi na viwili, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kuchemsha kwenye ungo. Kikombe senti kumi. Mafundi walikuwa wanamwita Mama Uji, na wengine hawakuwahi kujua kwamba ni mke wa seremala, kwa sababu babu yako alikuwa anakunywa na kulipa kama wengine. Nilipokua nilimuuliza kwa nini alikuwa analipa. Akasema kazini ni kazini. Mimi nadhani alikuwa anaona aibu kidogo, lakini haya, marehemu hasemwi.

Siku hiyo ikaja gari na bwana mmoja mwenye shati jeupe na kamera ya miguu mitatu. Akatembea huku na huku, akachagua mahali, akatazama kwenye kamera yake, akaguna. Watu walikuwa wengi mno mbele ya jengo: mwenye baiskeli, wanawake wa kokoto, watoto, mbuzi. Akanitazama mimi. Sijui kwa nini mimi. Akatoa sumni mfukoni, senti hamsini, akasema, "Kijana, waambie wale wasogee, wanaharibu picha."

Mama, hujawahi kupewa cheo ukiwa na miaka tisa. Nilikwenda kama mkuu wa wilaya. Nilimwondoa mwenye baiskeli, akasogea. Wanawake wa kokoto wakanitukana kidogo, wakasogea. Mbuzi nikawafukuza, wakarudi, nikawafukuza, wakarudi. Halafu nikafika kwenye jabali.

Alikuwa ameinama anakoroga. Na mimi nilijua kabisa huyu ni nani. Lakini yule bwana alikuwa ananitazama kwa nyuma, na nikaona nikisema "Mama" atajua kwamba mama yangu ndiye anayeharibu picha. Kwa hiyo nikasema, kwa sauti ya kusikika:

"Mama Uji, sogea. Picha."

Akainua uso. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema, "Haya, Bwana Picha."

Mlidhani aliniita hivyo maisha yake yote kwa sababu napenda kupiga picha kwenye harusi. Mama mkubwa wenu ndivyo alivyokuwa anawaambia. Sikumsahihisha.

Akashika sufuria ya moto kwa ncha za kanga, akaipeleka nyuma ya jabali peke yake. Sikumsaidia. Nilikuwa nimesimama na sumni mkononi, nimeikunja ngumi. Akarudi akachukua vikombe, akarudi akachukua ungo. Jiko halihamishiki, kwa hiyo moshi ukabaki. Yule bwana akapiga. Mimi simo, nilikuwa nyuma yake, nimejivuta kama msaidizi wake. Na utazame upande wa kulia karibu na rundo la kokoto: mbuzi wawili wamo.

Mbuzi wamo, mama.

Saa nne filimbi ya mapumziko ikalia, na siku ya zege mapumziko ni mafupi. Watu wakashuka, wakatazama chini ya jabali, hawakumwona, wakaenda kwa mwingine aliyekuwa karibu na barabara. Alipokwisha kurudi mahali pake, makarai yalikuwa yameanza tena. Sufuria ikarudi nyumbani zaidi ya nusu. Ukipiga hesabu ya senti kumi kumi, sumni yangu ni vikombe vitano, na uliorudi ulikuwa si vikombe vitano.

Usiku tulikula uji ule. Ulikuwa umeshaganda juu. Babu yako alirudi amechelewa, suruali imekakamaa kwa saruji, akauliza, leo vipi, uji umebaki? Mimi nikatazama chini. Bibi yako akasema, "Leo walikuwa na haraka. Si unajua zege halilali."

Basi. Hakusema zaidi ya hapo, siku hiyo wala siku nyingine. Ile sumni niliiweka kwenye kopo lake la hela bila kumwambia. Sijui kama aliijua. Hapana, aliijua, kopo lile alikuwa analihesabu kila usiku.

Nimejitetea sana miaka hii. Yule mpiga picha alikosa nini? Alitumwa jengo, akapiga jengo, na bila yeye leo usingekuwa na cha kuniuliza. Na mtoto wa miaka tisa anajua nini? Nikishamaliza kujitetea hivyo nakumbuka kwamba maneno "Mama Uji" niliyachagua. Sikuteleza ulimi. Halafu najiambia, lakini yeye alilifanya la kuchekesha, alicheka nalo hadi uzeeni, aliniita hivyo mbele ya mkwe. Mtu aliyeumia hachekeshi hivyo. Au ndivyo hasa anavyochekesha? Wewe umebeba jina lake, labda wewe unajua. Mimi bado nabishana.

Hospitali yenyewe imepita mikono. Serikali iliichukua 1972, na 1985 ikarudi kwa Kanisa, na leo ni ya rufaa ya kanda nzima na ina chuo cha madaktari pembeni. Bibi yako alilazwa pale kwa ajili ya macho, ninyi mkiwa shule ya msingi, mnakumbuka mlivyokuwa mnagombania maparachichi ya wageni. Siku walipomfungua bandeji nilimsogeza dirishani. Akatazama chini muda mrefu, akauliza, "Jabali langu liko wapi?" Nikamwambia walilipasua zamani, wakapata nafasi ya magari.

Akasema, "Nalo wamelisogeza."

Nikamtazama kama ananisema. Alikuwa anatafuta kandambili zake kwa mguu.

Sasa jibu lako. Yule wa tatu ana masikio ya babu yako, yale yaliyosimama ambayo kaka yako anayo. Urefu ni wake. Mkono wa kushoto ameuweka kiunoni namna ile ile alivyokuwa anasimama kanisani ibada ikirefuka. Lakini kofia siijui, na babu yako alikuwa hapendi kofia. Lakini siku ya zege walilazimishwa kuvaa. Lakini uso ameugeuza. Shangazi yako anaapa ni yeye, na shangazi yako alizaliwa 1973. Ningekuwa peke yangu usiku na ile picha ningesema ndiyo. Nimeshasema ndiyo mara mbili, nikafuta. Kwenye fulana ya watu mia moja na hamsini sitaki kuweka uso wa baba wa mtu mwingine, ambaye labda wanawe nao wanamtafuta. Kwa hiyo sisemi. Usinibane, maana ukinibana nitasema.

Mkiamua kuichapisha, ichapisheni nzima. Najua hawa mafundi wa fulana, picha ikiwa pana wanakata upande wenye nafasi tupu ili jengo likae katikati ya kifua, na upande wenye nafasi tupu ni kushoto. Mwambie asikate. Kama nafasi haitoshi akate kulia, waliko mbuzi. Ukubwa wangu ni wa kati, siyo ule mkubwa mlionipa kwenye harusi ya binamu yako.

Baba yako