Boti yako italala wapi? Ushauri kwa wanaonunua chombo kwa mara ya kwanza

Wengi wanaokuja kuuliza habari za boti huanza na mashine: nguvu farasi ngapi, inakula mafuta kiasi gani. Kisha wanauliza faiba au mbao. Swali la chombo kitalala wapi huja mwisho kabisa, mara nyingine boti ikiwa imeshalipiwa na iko njiani juu ya lori. Mimi nashauri uligeuze. Tafuta kwanza pa kuweka, ndipo utajua boti ya ukubwa gani inakufaa. Boti ya matembezi au ya kuvulia mwisho wa wiki hutembea saa chache tu. Muda wote uliobaki imekaa, na nyingi huharibikia kwenye kukaa huko.

Anza na upepo. Pwani yetu ina misimu miwili mikubwa, wa kusi (upepo wa kutoka kusini) na wa kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini), na mahali panapofaa msimu mmoja huenda pasifae mwingine. Chukua Ghuba ya Msasani, Dar es Salaam. Mwezi wa saba kusi inavuma, nje bahari imechafuka, lakini ndani ya ghuba rasi inakukinga na maji yametulia. Mgeni akipaona siku hiyo anaona amepata. Aje Januari: upande wa kaskazini uko wazi, kaskazi inaingia moja kwa moja na boti zinarukaruka kwenye maboya mchana kutwa. Upande wa mashariki wa Unguja, kama Paje na Jambiani, mwamba unavunja mawimbi makubwa, ila maji yakipwa bahari inakwenda mbali na chombo kinabaki mchangani. Huko Kenya wenye boti wengi hukimbilia ndani ya hori, yaani mikono ya bahari iliyoingia nchi kavu, za Mtwapa na Kilifi, na wana sababu: maji yana kina na pande zote kuna nchi kavu ya kukukinga.

Kwa hiyo kabla hujalipa chochote, nenda dikoni, pale wavuvi wanapofikishia vyombo, uwaulize wenye ngalawa wanaweka wapi vyombo vyao wakati wa kusi, na wapi wakati wa kaskazi. Wakikuambia wanahama, na wewe jipange kuhama.

La pili ni maji, na hapa ndipo wageni wengi wanapotatizika. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu inakaribia mita 4. Wakati wa maji mafu, katikati ya bamvua mbili, inapungua sana. Tuseme umetia nanga mahali palipo na mita 2 maji yakiwa yamepwa. Hizo si za kuhesabia kamba. Ongeza 4 za bamvua, unapata 6, halafu zidisha mara tano: kamba na mnyororo viwe mita 30. Kukiwa na upepo mkali, hata mara saba si nyingi. Watu huona kamba ndefu ni hasara, wakaikata. Kamba fupi inavuta nanga kwenda juu badala ya kuilaza, nayo inang'oka. Ila kumbuka kwamba boti yenye kamba ya mita 30 inazunguka duara la upana wa karibu mita 60, na jirani yako naye anazunguka. Angalia nafasi yako wakati maji yamepwa, maana hapo kamba imelegea na boti inafika mbali zaidi.

Ukitaka boya la kudumu, utaambiwa umwage zege. Sawa, lakini zege la kilo 500 likishazama linabaki na uzito wa kama kilo 290 tu, maana maji yanalibeba. Chuma hakipotezi kiasi hicho. Ndiyo maana unaona watu wanazamisha bloku za injini za malori. Vyovyote utakavyofanya, kinachokatika mara nyingi si kile kizito cha chini. Ni shakeli, ile pingu ya chuma ya kuungia mnyororo, iliyoliwa na kutu, au kamba pale inapopita ukingoni mwa omo, yaani mbele ya boti. Kata kipande cha mpira wa bomba la maji, pitisha kamba ndani yake, kifunge kisihame. Kila mwezi kisogeze uchungulie. Nyuzi zikianza kutoa manyoya, badilisha siku ile ile, usiseme wiki ijayo.

Ukiamua kuipandisha boti ufukweni, usitegemee ule mstari wa mwani na takataka ulioachwa na maji ya jana. Bamvua kubwa za mwaka huja karibu na Machi na Septemba, na zinapita mstari huo bila kukuuliza. Kwa upande mwingine, ukiipandisha juu kabisa kwenye kilele cha bamvua, ukitaka kuishusha utasubiri bamvua nyingine, wiki mbili hivi, labda uwe na watu wengi wa kusukuma. Ratiba za kupwa na kujaa zinachapishwa kila mwaka na mamlaka za bandari, Tanzania na Kenya. Tafuta ya kwenu uwe nayo kwenye simu.

Sasa mbao na faiba. Hivi viwili havitaki malezi yanayofanana. Boti ya faiba inataka kukaa nje ya maji, kavu, kivulini. Banda la makuti linaishinda turubai iliyobana, kwa sababu hewa inapita. Mashua ya mbao ukiianika hivyo kwa miezi, mbao zinasinyaa, maungio yanafunguka, na siku ya kuishusha inanywa maji kama kikapu hadi mbao zifure tena. Mashua iweke kivulini, uimwagie maji ya bahari mara kwa mara, na uikague kalafati, ile pamba inayoziba maungio, kabla ya kuishusha. Lakini nayo ukiiacha majini muda wote, kuna wadudu wa baharini wanaotoboa mbao kimyakimya kutoka chini. Wazee walikuwa wanaipweleza, yaani wanaiacha ikae mchangani maji yakipwa, wanaiwekea magadi (miti ya kuiegemeza) isilale ubavu, wanaikwangua, wanaipitishia moto wa makuti na kuipaka shahamu na chokaa. Siku hizi kuna rangi za dukani za kupaka chini, lakini kupweleza na kukwangua kuko pale pale.

Mvua ya masika nayo inazamisha boti, si mawimbi peke yake. Piga hesabu: boti ya wazi ya mita 6 kwa 2, mvua ya milimita 50 usiku mmoja, hiyo ni lita 600 hivi, yaani zaidi ya nusu tani ndani ya chombo. Pampu inayotegemea betri ni nzuri mpaka betri iishe. Iliyo majini awepo mtu wa kwenda asubuhi na upo, kile chombo cha kukumbia maji. Iliyo nchi kavu inue omo, tezi (nyuma) iwe chini, toa kizibo cha nyuma maji yatoke yenyewe. Kizibo kifunge pamoja na ufunguo wa mashine, ili usije ukashusha boti bila kizibo.

Mashine usiiache kwenye boti. Ya nguvu farasi 15 ya zamani mtu mmoja anaiweka begani na kuondoka nayo, na wezi wanalijua hilo. Ipeleke nyumbani, iungurumishe kwenye pipa la maji matamu kuitoa chumvi, isimamishe wima maji yachuruzike, petroli itoe.

Kuhusu mlinzi: jitambulishe kwanza kwa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za ufukweni) au kamati ya wavuvi ya pale, halafu uwaombe wao wakutajie mtu. Mlinzi uliyemleta kutoka mjini, watu wa dikoni hawana sababu ya kumsaidia kamba ikikatika saa nane za usiku. Mlipe kwa mwezi, kwa tarehe, na umwachie namba ya mtu wa pili wa kumpigia ukiwa hupatikani. Na usikate mikoko kujitengenezea maegesho. Inahitaji kibali, tena ndiyo inayokukinga na mawimbi.

Mwisho, dhoruba. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia Mei 2024, TMA, mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania, ilikuwa imeshatoa tahadhari mapema, kwa hiyo aliyekuwa na njia ya kutoa chombo majini alipata muda. Njia hiyo itafute sasa: nani ana trela, nani ana trekta, watapita wapi kufika ufukweni, na mchanga wa pale unabeba gari au unalimeza. Siku ya tahadhari kila mwenye boti atampigia mwenye trekta huyo huyo. Mfahamu kabla ya Aprili, na mkubaliane bei kabisa.