Paa la gari la kulalia halishuki, na turubai linabanwa

Ndugu yangu wa Lubumbashi, umesema paa la kuinuka la gari lenu la kulalia linamshinda mama watoto kulifunga, na turubai la kuta zake linabanwa pembeni kila mara. Usimlaumu, nguvu zake zinatosha. Kinachomshinda ni hewa. Mkifunga milango na vioo vyote, hewa iliyo ndani haina pa kutokea, basi inalitunisha turubai kwa nje, na ndiyo maana linaingia kwenye ukingo. Fungua mlango wa ubavuni na zipu za madirisha ya turubai kwanza. Hilo peke yake litakupunguzia taabu nyingi.

Kisha pitisha kamba ya mpira kuzunguka turubai lote kwa nje, katikati ya kimo chake, isikaze sana. Paa likishuka, kamba inavuta kitambaa ndani, kinajikunja chenyewe. Mimi naiona ya lazima.

Zile bomba za gesi zinazoinua paa husukuma kwa nguvu zaidi zikipata joto, kwa hiyo jua kali la Oktoba likiwaka, fungeni asubuhi. Mama asimame katikati, avute mkanda wa kushushia paa polepole bila kulalia upande mmoja. Kama hafiki, ongezeni mkanda mrefu.

Vumbi jekundu la barabarani lifuteni kwenye bawaba kwa kitambaa. Tafadhali msipake grisi, inashika vumbi hilo hilo. Na turubai likilowa mvua, mkifika lifungueni likauke siku hiyo hiyo, lisiote ukungu.