Ukitaka Kuigiza Zanni, Anza na Njaa Yake

Nilipoanza kujifunza kuigiza zanni, yaani mtumishi mchekeshaji wa michezo ya vinyago ya Italia iitwayo commedia dell'arte, nilipoteza siku nyingi nikitafuta namna ya kuwachekesha watu. Nilirukaruka, nikapiga mayowe, nikajikwaa kwa makusudi, na wenzangu wakanitazama tu. Ndipo mwalimu wetu, mama wa makamo aliyeanza kuvaa vinyago vya ngozi tangu usichana wake, aliponisimamisha na kuniuliza, "Mwanangu, huyu mtu alikula lini mara ya mwisho?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo, kila anayeniomba ushauri mimi humwambia aanze na njaa. Jina zanni lenyewe ni Giovanni katika matamshi ya kaskazini mwa Italia, na wahusika hawa wanatokana na watu halisi: wanaume wa milima ya Bergamo ambao katika karne ya 16 waliteremka Venezia kutafuta vibarua, wengi wao wakawa wachukuzi wa mizigo, huku wenyeji wakiicheka lahaja yao. Ukimwigiza zanni kama mpumbavu tu, utakuwa umeungana na waliomcheka.

Njaa hiyo, hata hivyo, haifanani kwa kila mtumishi. Ya Brighella, zanni mjanja, imekwisha kuwa hila, kwa hiyo hutulia na kupanga. Ya Arlecchino, zanni mwingine, haina subira: mwili wake hufika kwenye chakula kabla ya akili. Katika mchezo wa Carlo Goldoni wa mwaka 1745, mtumishi Truffaldino, ambaye ni ndugu wa karibu wa Arlecchino, anawatumikia mabwana wawili kwa siri ili apate ujira na mlo maradufu, na vurugu yote inayofuata inazaliwa na hesabu hiyo ya mtu mwenye tumbo tupu.

Kwa mazoezi, chukua kichekesho cha zamani cha nzi. Zanni mwenye njaa anamwona nzi, anamnyatia, anamkamata, anamng'oa mbawa, kisha anamla. Mimi nilikimaliza upesi mno, hadi nilipoambiwa nimtafune nzi huyo kama mtu anayekula nyama ya sikukuu, polepole, nikilamba vidole na kutafuta kama kuna kipande kilichobaki. Hapo ndipo watu walipocheka, na mmoja wao alikuwa akifuta machozi.

Kuhusu kinyago chenyewe, kumbuka kwamba hufunika paji la uso hadi juu ya mdomo, na matundu ya macho ni madogo, kwa hiyo tazama kwa pua: ielekeze kwa nzi, kisha kwa watazamaji, kisha irudishe kwa nzi. Wala usikiguse kwa mkono ukiwa jukwaani, hata kikikuwasha, kwa sababu mara tu vidole vyako vinapokifikia, watazamaji huiona ngozi tu na zanni hutoweka.