Je, lazima nikaishi porini ili nijijue?

SWALI: Shangazi, nina miaka 31 na nimechoka. Nimesoma habari za Thoreau, yule Mmarekani aliyejenga kibanda kando ya ziwa akaishi peke yake. Nataka kuacha kazi nifanye hivyohivyo, nijue mimi ni nani hasa. Wenzangu wananicheka. Unasemaje? – Mchovu wa Mbio

JIBU: Mwanangu, mimi sikucheki. Nilikuwa na umri kama wako niliposoma habari hizo, na usiku ule usingizi ulinipaa.

Ila mfuate hadi mwisho. Thoreau alihamia kando ya ziwa la Walden, jimbo la Massachusetts, tarehe 4 Julai 1845. Kiwanja kilikuwa cha rafiki yake, Emerson. Mji wa Concord haukuwa mbali, alikuwa akienda kwa miguu na kurudi, na ndani aliweka viti vitatu kwa sababu wageni walikuja. Tena alikwenda na kazi mkononi: kuandika kitabu cha safari ya mtoni aliyosafiri na marehemu kaka yake. Baada ya miaka miwili na miezi miwili akaondoka, akiona bado ana maisha mengine ya kuishi.

Kinachonigusa mimi ni mawe. Mezani alikuwa na vipande vitatu vya mawe ya chokaa. Alipoona inambidi kuyafuta vumbi kila siku, na akili yake mwenyewe hajaifuta, akayatupa nje ya dirisha. Niliposoma hapo niliinuka nikafungua kabati. Ndani mlikuwa na seti ya vikombe niliyoinunua kwa mkopo, bado imo kwenye boksi. Thoreau anasema bei ya kitu ni kiasi cha maisha unachokitolea. Nikapiga hesabu: siku tisa za kazi. Siku tisa za uhai wangu zimeviringishwa kwenye magazeti! Nililia, sikufichi.

Kwa hiyo barua ya kuacha kazi iache kwanza. Nunua daftari. Kwa mwezi mmoja, kila unachonunua kiandikie saa za kazi ulizokilipia, si pesa. Na alfajiri, kabla hujashika simu, andika ukurasa mmoja wa yaliyomo moyoni, hata kama ni manung'uniko matupu. Thoreau alianza shajara yake mwaka 1837, miaka minane kabla ya kile kibanda, na hakuiacha.

Mwezi ukiisha niandikie tena, mwanangu. Nataka kujua jiwe lako la kwanza ni lipi.