Usimsome Adam Shafi peke yako

Nikiulizwa nianzie wapi na Adam Shafi, yule mwandishi wa riwaya wa Zanzibar, jibu langu ni moja tu, anza na Kuli. Najua Kasri ya Mwinyi Fuad ndo ilitoka mwanzo, 1978, Kuli ikafuata 1979, lakini kwani kuna mtu amekushikia bakora usome kwa mpango wa miaka? Kwa mtu wa Mombasa Kuli ni stori ya jirani. Rashidi ni mtoto wa kuli, na yeye anaishia kuwa kuli bandarini Unguja, mpaka inafika ule mgomo wa 1948. Mimi niliisoma kwenye feri ya Likoni, nimesimama, tenga la samaki lanivujia viatu na wala sina habari.

Nilipoimaliza nikataka watu wa kuongea nao. Nikafungua grupu la WhatsApp, wiki ya kwanza ni hongera hongera, wiki ya pili "nani ana pdf", ya tatu mtu auza magodoro. Kosa langu ni kwamba nilikuwa natafuta watu waliosoma kitabu. Watu wenyewe walikuwa barazani Mji wa Kale, nawapita kila alasiri wakinywa kahawa.

Siku moja nikakaa, nikatoa Kuli, nikaanza kusoma kwa sauti. Kuna mzee pale alifanya kazi bandarini Kilindini miaka ya sabini, macho sasa hayaoni maandishi. Kufika penye magunia akanikatiza, "Hebu ngoja mwanangu, gunia la sukari walijua wewe?" akavuta kola ya kanzu akatuonyesha shingo, ngozi hapo imekuwa ngumu kama kisigino, akasema sukari ikichanganyika na jasho yachuna. Kutoka hapo akaingia kwa babake na mgomo wa hapa hapa Mombasa, Januari 1947, yaani sisi tuligoma kabla ya Unguja, na mimi shule nzima sikuwahi kuambiwa. Siku hiyo tulisoma kurasa nne tu, kahawa ikapoa.

Kwa hivyo soma kidogo, mtu akitaka kusema funga kitabu umwache aseme. Na tafadhali usitaje dhamira wala maudhui, watu watakumbuka mtihani wakukimbie.

Vuta n'Kuvute (1999) mimi naipeleka jikoni. Niliisoma mama na khalati wakichambua mchele, ile Yasmini kuozwa mzee Raza tu, khalati akatupa ungo, "Na huyo mamake alikuwa wapi?" Wakabishana mpaka magharibi na wali ukachelewa. Filamu yake ya Amil Shivji ipo, 2021, lakini soma kwanza.

Haini ndo sikushauri uipeleke barazani. Ilitoka 2003, ni jela na mateso, yatokana na yale ya baada ya Rais Karume wa Zanzibar kuuawa 1972. Nilisoma kurasa mbili, hakuna aliyenikatiza, hata kikombe hakikugongwa, mwisho mzee akasema, "Hiyo kaisome kwako."

Na ukiazimisha kitabu andika jina lako, tena ndani katikati, jalada hutoka. Vuta n'Kuvute yangu iko kwa khalati mwezi wa nne huu, nikiidai naambiwa, "Ngoja, bado niko na Denge," yule mwanaharakati wa humo kitabuni.